Kingo za lami zinazochanika huanzia kwenye mkanda uliochoka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya msomaji mmoja wa Tabata, aliyelalamika katika safu hii wiki mbili zilizopita kwamba kila unapochimbwa mtaro wa bomba la maji kuvuka barabara ya mtaa wake, lami huachwa na kingo zilizochanika kama mkate uliogugunwa na panya, na kwamba kiraka kinachowekwa baadaye hakimalizi hata msimu mmoja wa mvua. Malalamiko yake ni ya haki. Sababu aliyoitaja, yaani uvivu wa vibarua, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi ni kutengeneza mashine ndogo za petroli, zikiwemo hizo za kukatia lami na zege, na ninawafahamu vijana wa aina ile anaowalaumu. Wengi wao hupewa mashine ambayo mkanda wake ulikwisha zamani, na pale kazini hakuna mwenye ruhusa, kifaa wala mkanda wa akiba wa kuubadilisha.

Mashine yenyewe wasomaji wengi wameiona bila kujua kilichomo ndani yake. Inashikwa kwa mikono miwili, inawashwa kwa kuvuta kamba na inaunguruma kama msumeno wa mnyororo wa kukatia miti, ila mbele ina mkono wa chuma uliobeba diski ya milimita 350, yaani inchi 14, ambayo nusu yake imefunikwa na kava. Zinazoletwa zaidi kwenye karakana yangu ni Stihl TS 420 na Husqvarna K 760, pamoja na nyingine nyingi zilizoundwa kwa kuziiga. Injini ni ya mipigo miwili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Ile ya TS 420 ina ujazo wa sentimita za ujazo 66.7 na nguvu ya kilowati 3.2, ambayo ni zaidi kidogo ya nguvu za farasi 4. Nguvu hiyo hufika kwenye diski kwa njia moja tu. Injini ikiongezewa mafuta, viatu vya klachi, yaani kiungo kinachopokea nguvu ya injini, hutanuka na kushika ngoma, ambayo ni kikombe cha chuma kinachovizunguka; ngoma huzungusha puli ndogo, yaani gurudumu lenye mifereji, na puli ndogo huizungusha puli kubwa iliyo mwisho wa mkono kwa mkanda mmoja wa mpira, mwembamba, wenye matuta madogo upande wa ndani mithili ya matuta ya shamba la viazi, ambayo huingia katika mifereji ya puli. Ndani ya mpira huo zimepita nyuzi ngumu zinazobeba mvuto, na kazi ya mpira wenyewe ni kushika.

Kwa kuwa puli moja ni ndogo na nyingine ni kubwa, injini inayozunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika huizungusha diski mara 5,000 hivi. Msomaji anayetaka kujua maana yake apige hesabu: mzingo wa diski ya milimita 350 ni mita 1.1, kwa hiyo ukingo wake husafiri mita 5,500 kila dakika, ambayo ni sawa na kilomita 330 kwa saa. Diski ya almasi hukata kwa mwendo huo wala haikati kwa kukandamizwa, na ndiyo maana mkataji mzoefu huiachia mashine izame kwa uzito wake mwenyewe huku yeye akiiongoza tu. Mwendo ukipungua, chembe za almasi husugua pale zilipopaswa kukwangua, chuma kinachozishika hupata moto, na meno yanakuwa laini kama kigae. Diski iliyokuwa mpya asubuhi huonekana mbovu jioni, ikatupwa, ikanunuliwa nyingine ya bei kubwa, na mkanda uliosababisha hasara hiyo ukabaki palepale ulipo.

Sasa nirudi kwenye kingo za lami. Diski ya ukubwa huo inaweza kuzama mpaka sentimita 12 na nusu, na lami ya barabara zetu nyingi za mitaani haifiki kina hicho, kwa hiyo mashine nzima huikata yote kwa mipito michache na ukuta wa mtaro hubaki umenyooka. Mkanda ukiwa umechoka, diski inagusa lami, inazunguka kidogo, kisha inasimama huku injini ikilia kwa sauti ya juu. Mkataji anainua mashine, diski inarudia mwendo wake; anashusha, inasimama tena. Baada ya robo saa ya mchezo huo anakuwa amechora mfereji wa kina cha kidole kimoja tu, na msimamizi yuko nyuma yake anatazama saa. Hapo ndipo sururu na mtaimbo vinapoletwa. Lami isiyokatwa mpaka chini haivunjiki pale ilipochorwa. Huvunjika inapotaka yenyewe, ikanyanyuka mabamba mabamba na kuacha kingo zinazoning'inia juu ya kifusi kilicholegea. Mvua inaingilia hapo, daladala zinakanyaga hapo, na kiraka kinang'oka pamoja na lami nzima iliyokuwa jirani yake.

Nitoe mfano wa karibu. Kabla ya masika ya mwaka huu kijana mmoja aliniletea mashine juu ya bodaboda, ameipakata kama mtoto mgonjwa, akanipa shikamoo na kuniambia kwamba klachi imekufa, kwani injini inalia lakini diski haizunguki. Nilimwuliza walichokifanya kabla ya kuja kwangu. Akasita. "Tulipaka lami kidogo, mzee," akasema, na alilisema neno "kidogo" kwa sauti ya chini. Nilipofungua kava la mkanda nilikuta uji mweusi uliogandamana na vumbi la kokoto, mifereji ya puli kubwa imejaa mpaka juu, na mkanda wenyewe umebaki bapa upande wa ndani, matuta yamelika kabisa isipokuwa moja la pembeni lililokuwa limechomoka kama uzi wa kanga iliyofumuka. Klachi ilikuwa nzima.

Kupaka kitu kinachonata kwenye mkanda ni mazoea yaliyotoka kwenye mashine kubwa za zamani zenye mikanda bapa mirefu, na huko yalikuwa na mantiki yake. Katika mashine ya kukatia lami hayana faida yoyote, kwa sababu vumbi la kokoto linaloingia ndani ya kava hunata kwenye ule utandu na kuugeuza mkanda kuwa msasa unaozila puli. Kijana alikuja akidhani anahitaji klachi. Aliondoka na mkanda mpya na puli mpya, na hiyo puli hakustahili kuinunua.

Kabla ya kununua mkanda ni vizuri kuthibitisha kwamba mkanda ndio wenye kasoro, na kwa hilo sikio linatosha kuanzia. Injini na diski vikipungua mwendo kwa pamoja, tatizo liko kwenye hewa au mafuta: filta imeziba kwa vumbi, kabureta ni chafu, au mchanganyiko wa petroli umekaa dumuni tangu mwezi uliopita. Injini ikizidi kulia wakati diski inasimama, nguvu inapotelea njiani, na njiani kuna sehemu tatu za kutazama. Ya kwanza ni bolti inayoibana diski kati ya sahani zake mbili, ambayo ikilegea kidogo tu huiacha diski iteleze pale inapokutana na kitu kigumu; hii hutengenezwa kwa spana moja, na ni aibu kuileta karakana. Ya pili ni mkanda. Ya tatu ni klachi, ambayo ikiwa imechoka huonekana kwa ngoma iliyobadilika rangi ya buluu kwa moto. Mkanda ulioteleza una dalili zake mwenyewe: unga mweusi mwepesi ndani ya kava, harufu ya mpira ulioungua, matuta yanayong'aa kana kwamba yamepigwa rangi ya viatu, nyufa zinazoonekana ukiukunja kinyume, na nyuzi zinazotokeza pembeni. Dalili mbili kati ya hizo zikionekana, haufai kukazwa tena.

Kazi ya kuubadilisha haihitaji fundi wa daraja la juu, bali inahitaji utaratibu na mahali pasipo na upepo wa mchanga. Mashine izimwe, iachwe ipoe, na waya wa plagi uchomolewe, maana ukiizungusha diski kwa mkono ili mkanda ukae huwezi kujua ni lini injini itakubali kuwaka, na vidole viko kati ya mkanda na puli. Kisha ipigwe brashi nje kabla haijafunguliwa, hasa kuzunguka kava, kwa sababu vumbi utakaloliacha nje ndilo litakalodondoka ndani. Nati zinazobana mkono wa diski zilegezwe, mvuto wa mkanda uachiliwe, ndipo kava lifunguliwe kwa bisibisi yenye kichwa kinacholingana na skrubu. Mashine nyingi hutumia skrubu zenye kichwa cha nyota, na nimeona nyingi zilizoharibiwa kwa bisibisi bapa kiasi kwamba muda wa kuzitoa ulizidi muda wa kazi yenyewe.

Mkanda wa zamani ukishatoka, usitupwe kwanza. Uwekwe sambamba na mpya, yahesabiwe matuta, na ulinganishwe urefu pamoja na namba iliyochapwa mgongoni ikiwa bado inasomeka. Mkanda wenye tuta moja pungufu utaingia kwenye puli na utafanya kazi kwa siku chache, lakini mzigo uliogawanywa kwa matuta mengi sasa unabebwa na machache. Mkanda mrefu kidogo utakaa vizuri pale mezani, halafu springi itafika mwisho wa njia yake kabla mvuto haujatosha. Katika maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, mara nyingi muuzaji atauliza aina ya mashine kisha akatoa mkanda "unaoingia". Kuingia hakutoshi. Mimi hubeba ule wa zamani mfukoni kila ninapokwenda dukani, na muuzaji ambaye hataki niupime juu ya kaunta yake huwa hanioni tena.

Kabla ya kuvisha mkanda mpya, puli zisafishwe. Mifereji ikwanguliwe kwa kijiti cha mti au brashi kavu, si kwa bisibisi, ambayo huacha mikwaruzo itakayoupasua mpira, na petroli isiguse mkanda, kwa kuwa mpira ulioloweshwa petroli huvimba na kulainika. Puli kubwa izungushwe kwa mkono na kusikilizwa: beringi ikikwaruza au ikicheza, mkanda mpya hautaishi, na ni afadhali kuibadilisha siku hiyo hiyo. Mifereji iliyolika mpaka vilele vyake vimekuwa vikali kama kisu nayo inaimaliza mikanda. Tafadhali, puli isibadilishwe kwa kuazima ya mashine nyingine inayofanana. Mashine za diski ya milimita 300 huzunguka kwa kasi zaidi kuliko za 350, na puli ikichanganywa, diski inaweza kuzungushwa kupita mwendo ulioandikwa juu yake. Diski ya jiwe, ile isiyo ya almasi, ikipasuka kwa mwendo huo, hakuna kava linaloahidi kuzuia vipande vyote.

Wakati wa kuvisha, kila tuta liingie kwenye mfereji wake. Hili ninalisema kwa uchungu wa kujua. Mwaka 2009, nikiwa bado na haraka ya ujana, nilivisha mkanda ukiwa umeruka mfereji mmoja kwenye puli ndogo, pembeni ambako mwanga wa karakana haukufika vizuri. Mashine iliwaka, ikakata, mteja akalipa. Kesho yake saa nane mchana alirudi na mkanda umechanika kwa urefu, nusu moja bado iko kwenye puli na nusu nyingine imejiviringisha kwenye klachi. Nilimrudishia fedha yake na nikanunua mkanda kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo siufungi mfuniko mpaka nimeipitisha ncha ya kidole juu ya ukingo wa mkanda, puli zote mbili, nikihakikisha kwamba pande zote uko sawa, kisha nikaizungusha diski polepole kwa mkono mizunguko kadhaa ili mkanda ujitafutie mahali pake.

Mvuto ndio unaonigombanisha na mafundi wenzangu. Waliozoea mikanda ya magari hupima kwa kuubonyeza kwa dole gumba, na waliozoea mashine za kusaga huamini kwamba mkanda ukikazwa zaidi ndivyo unavyoshika zaidi. Katika mashine nyingi za sasa za kukatia lami, fundi hapewi nafasi ya kukisia: ukilegeza nati zinazobana mkono, springi iliyomo ndani huusukuma mkono mbele na kuuvuta mkanda kwa kipimo kilichokusudiwa na kiwanda, halafu wewe unazikaza nati tu. Katika nyingine kuna skrubu ya kurekebishia, inayozungushwa mpaka nati ya mraba ifike mkabala wa alama iliyochorwa kwenye kava. Nimeona watu wakiisaidia springi kwa mtaimbo. Mkanda uliovutwa namna hiyo hautelezi, ni kweli, lakini unavuta beringi za mkono upande mmoja na beringi ya injini upande wa pili, na nyuzi zake za ndani zinakatika moja moja bila kuonekana kwa nje. Mashine ya namna hiyo huja kwangu baada ya wiki chache ikiwa na moto usioshikika mwisho wa mkono, na gharama yake ni mara nyingi ya ile ya mkanda.

Mkanda mpya hutanuka kidogo unapoanza kazi. Kwa hiyo baada ya matangi mawili ya kwanza ya mafuta mashine izimwe, nati zilegezwe, springi ivute tena, na nati zikazwe. Ni kazi ya dakika tano, na inaweza kufanyika pembeni mwa barabara kwa spana iliyokuja na mashine. Kati ya mikanda inayorudi kwangu ikiwa imekufa mapema, mingi haikupata dakika hizo tano. Jambo la mwisho la kiufundi ni onyo: injini isiwashwe kamwe wakati mkono umetolewa, hata kwa "kujaribu tu" kama inawaka, kwani ngoma ya klachi isiyo na kitu cha kuizuia inaweza kuchomoka ikizunguka na kumpiga aliyesimama karibu.

Kuna wanaosema mkanda huteleza kwa sababu ya maji, na kwa hoja hiyo hufunga mpira wa maji unaomwagilia diski. Maji yakiingia kwa wingi ndani ya kava yanaweza kuutelezesha mkanda kwa muda, sikatai. Lakini mkanda mzima uliovutwa vizuri, katika mashine yenye kava kamili, hufanya kazi siku nzima na maji yakitiririka, na mkataji anayejua kazi hufunga maji kabla ya kuzima na kuiacha diski izunguke kidogo ikauke. Mkanda unaoshindwa kwa tone la maji ulishakwisha kabla ya tone hilo. Maji yakifungwa, vumbi la zege na kokoto, ambalo lina silika, huingia mapafuni mwa kijana anayefanya kazi ameinama juu yake, na madhara yake hayaonekani mwaka huo. Kwa hiyo mkanda mbovu unamfanya mtu avute vumbi ambalo hakulazimika kulivuta. Upo pia mshtuko wa ghafla: mkanda ulioteleza ukishika tena wakati sehemu ya juu ya mbele ya diski imebanwa ndani ya mfereji, mashine huruka kumwelekea aliyeishika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu mwajiri wa mtu huyo, awe mkandarasi mkubwa au mwenye mashine mbili za kukodisha.

Nije kwa wenye mashine, ambao wengi ni wateja wangu na huenda wakanuna. Mashine nyingi zinazokata lami jijini hazimilikiwi na anayezitumia. Zinakodishwa kwa siku. Mwenye nazo anataka zirudi jioni zikiwa nzima, na anayezikodi anataka amalize mita zake kabla ya jua kuzama, kwa hiyo kila mmoja anaona mkanda ni wajibu wa mwenzake. Nimekuwa nikiwashauri wanaokodisha wawape wateja mfuko mmoja wenye mkanda wa akiba, spana na bisibisi, wauandike kwenye karatasi ya makabidhiano, na watoze mkanda pale tu unapotumika. Wawili wamekubali. Mmoja wao ananiambia mashine zake sasa zinakaa barabarani siku nyingi kuliko zinavyokaa kwangu, jambo ambalo si habari njema kwa mfuko wangu, lakini silalamiki.

Kwa wahandisi wa halmashauri na wa mamlaka za maji wanaoidhinisha kazi hizi, ombi langu ni dogo zaidi. Katika orodha za gharama za kukata barabara nilizowahi kuonyeshwa na wakandarasi wadogo, petroli imo, oili imo, diski ya almasi imo. Mkanda haumo hata katika moja. Kisicho kwenye orodha hakinunuliwi, na kisiponunuliwa kibarua atapaka lami. Uongezwe, kama kitu kinachotumika na kwisha, kwa bei yake ambayo ni ndogo mno ukilinganisha na ya diski moja nzuri. Na mkaguzi anayekuja kupima kina cha bomba, apime pia kina cha mstari uliokatwa kwenye lami kabla sururu haijaingia. Rula ya shilingi mia chache inatosha.

Kwa ndugu yangu wa Tabata: siku nyingine watakapokuja mtaani kwako, simama kando dakika mbili usikilize. Ukisikia injini inalia kwa sauti ya juu na kuona diski imesimama ndani ya lami, usimgombeze aliyeishika. Mtafute msimamizi umwulize mkanda wa akiba uko wapi.

Fundi wa mashine ndogo,
Mwananyamala, Dar es Salaam